Godauni la mkonge kuwa ukumbi wa mazoezi ya ngoma, Tanga: naomba ushauri

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Kikundi chetu cha ngoma na maigizo hapa Tanga kimepewa godauni la zamani la mkonge kwa mkataba wa miaka 5. Singa bado zimenasa kwenye bawaba za mlango. Ndani ni peupe, hakuna nguzo katikati, na hicho ndicho kilichotuvutia. Najua inawezekana: GoDown, kituo cha sanaa cha Nairobi, ilianza hivyohivyo kwenye godauni mwaka 2003.

Kinachoninyima usingizi ni sakafu. Ni zege tupu. Juzi binti mmoja wa miaka 14 alimaliza mazoezi akashuka ngazi kinyumenyume, magoti yanamuuma. Fundi anashauri terazo, lakini kwangu huo ni ugumu uleule. Nafikiria mbao juu ya papi (vipande vyembamba vya mbao vya kuzibeba), chini yake vipande vya mpira ili sakafu inese. Kuna aliyejaribu? Unyevu wa bahari na mchwa mlivikabili vipi?

Halafu mwangwi. Ngoma moja tu ikilia, mwalimu hasikiki. Tumetundika mikeka na magunia ukutani, afadhali kidogo, ila masika yakipiga bati tunasimama kabisa.

Sehemu ya paa ni asbesto. Nimewakataza vijana kuitoboa au kuifagia, vumbi lake huharibu mapafu. Tuanzie ofisi gani ili iondolewe kihalali? Na gharama, abebe mwenye jengo au sisi wapangaji?

Tafadhali, aliyewahi kukarabati jengo la aina hii anieleze alianza na nini.