Simu imepotea kati ya Mtwara na Lindi, tuanze kufunga nini?

Mwanaushirika: Wakuu, simu ya katibu wa AMCOS yetu (ushirika wa wakulima) imepotea ndani ya basi, kati ya stendi ya Mkanaledi na Mingoyo. Ni Android, inafunguliwa kwa mchoro. Laini ina pesa, kwenye picha kuna kitambulisho cha NIDA, na WhatsApp ina orodha ya wakulima na akaunti zao za benki. Ukipiga inaita. Tuanze na kipi?

Fundi Mikindani: Kama inaita, iko hewani, wahini. Kwa simu nyingine ingieni android.com/find kwa akaunti yake ya Google, muifunge. Msifute kwanza, maana ikishafutika haionekani tena kwenye ramani. Kisha pigeni 100, huduma kwa wateja, kwa laini ya mtandao huohuo, wafunge laini na akaunti ya pesa. Hapo ndipo penye hatari kubwa: mwizi hana haja na mchoro. Anachomoa laini, anaipachika kwenye kitochi, na kila namba ya uthibitisho inaingia kwake.

Bi Shangani: Mkuu, mimi naanza na 100. Tarakimu 8 za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na watu wengi PIN yao ya pesa ni mwaka wa kuzaliwa. Wengine hata kadi yenyewe huibana kwenye kava la simu! Amri ya kufunga simu inaweza kusubiri hadi ishike intaneti. Pesa ikishahamishwa, kuirudisha ni kazi.

Na wapigieni wakulima leo. Aliye na laini anaweza kusajili WhatsApp kwenye simu yake. Mazungumzo ya zamani hayapati, ila makundi anayakuta, na anaanza kuomba pesa kwa jina la katibu. Katibu akarudishe laini kwa alama za vidole, asajili WhatsApp upya, kule kwingine itatoka. Halafu aweke uthibitishaji wa hatua mbili.

Mwanaushirika: Laini imefungwa, asanteni sana. PIN ya laini mpya inawekwaje?

Fundi Mikindani: Mipangilio, Usalama, kufuli la SIM. Itaomba PIN ya awali. Ulizeni 100, msibahatishe. Ukikosea mara 3 inadai PUK (namba ya kufungulia laini), na PUK ukiikosea mara 10 laini imekufa. Zimeni pia ujumbe kuonekana kwenye kioo kilichofungwa. Polisi watataka IMEI (namba ya utambulisho wa simu): angalieni kwenye boksi la simu.