Sura ya kambi katika riwaya yangu: niiache au niiondoe?

Fundi wa Maneno (Kamalondo) anauliza:

Wasomaji wenzangu, ninaandika riwaya ya kihistoria inayoanzia kisiwa cha Rhodes, Ugiriki ya leo, na kuishia hapa kwetu Lubumbashi, enzi mji ulipokuwa ukiitwa Élisabethville. Mhusika mkuu ni msichana wa Kiyahudi aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi wa Ujerumani, na kuja kwa mjomba wake mwenye duka la vitambaa. Msimulizi ni fundi cherehani Mkongomani aliyeajiriwa dukani humo, ambaye mwaka 1947 anatambua kwamba msichana huyo hujishonea nguo za mikono mirefu hata katika joto la Oktoba, kwa kuwa amechanjwa namba mkononi.

Sura ya nne ndiyo inayoninyima usingizi. Nimeandika kurasa thelathini za kambi: wanawake kuvuliwa nguo mbele ya askari, kunyolewa nywele, njaa, na tukio moja la kubakwa ambalo nimelibuni mwenyewe. Mama mdogo alipousoma mswada alinirudishia akisema kwamba mtoto wa watu amekaa uchi mbele ya msomaji muda mrefu kuliko alivyokaa mbele ya wale askari. Je, mwandishi ana haki ya kubuni mateso ya namna hiyo, au niifute sura nzima?

Mwalimu Mstaafu wa Historia anajibu:

Ndugu Fundi, kabla ya kuzungumzia haki ya kubuni, nakuomba uitazame safari yenyewe, maana nadhani umeirukia kambi upesi mno. Wayahudi wa Rhodes walikamatwa Julai 1944, wakati majeshi ya Marekani na Uingereza yalikuwa yamekwisha kutua Ufaransa na vita vikielekea ukingoni. Wanaume waliitwa kwanza, wakidhani ni ukaguzi wa vitambulisho. Kisha wake na watoto wakaamriwa kuwafuata wakiwa na vito na chakula. Tarehe 23 Julai walipakiwa katika mashua za mizigo hadi bandari ya Piraeus, wakafungwa katika kambi ya Haidari karibu na Athens, halafu wakasafirishwa kwa mabehewa ya mifugo hadi Auschwitz, walikofika tarehe 16 Agosti. Kutoka Rhodes na kisiwa jirani cha Kos walichukuliwa watu zaidi ya 1,700, na walionusurika ni takriban 150. Konsuli wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliwaokoa wachache, takriban arobaini na kitu, kwa hoja kwamba walikuwa raia wa nchi yake au wenzi wa raia hao.

Jambo la pili ni lugha, na hapa ndipo ningekaa kurasa nyingi kuliko mahali pengine popote. Watu hawa walizungumza Ladino, yaani Kihispania cha kale ambacho mababu zao walikichukua walipofukuzwa Hispania mwaka 1492. Hawakujua Kijerumani cha amri wala Kiyidi cha Wayahudi wa Poland, na baadhi ya wafungwa wenzao walitilia shaka kama kweli walikuwa Wayahudi. Msichana wako anasimama alfajiri kwenye mstari wa kuhesabiwa, namba yake inaitwa kwa Kijerumani, naye haitambui. Anapigwa kwa kosa la kutosikia kile alichokisikia vizuri. Tukio hilo halihitaji kumvua mtu nguo.

Mkunga wa Katuba anajibu:

Mwanangu, mimi simfuati Mwalimu mpaka mwisho. Tukiuficha mwili kabisa tutakuwa tumeyaficha yale yaliyowapata wanawake kwa sababu ni wanawake. Mama aliyeshuka behewani akiwa na mtoto mdogo kwa kawaida alipelekwa pamoja naye moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi. Hedhi zilikatika kwa njaa na hofu, na wasichana wengi waliingiwa na wasiwasi kwamba hawatazaa kamwe. Daktari Gisella Perl, mwenyewe mfungwa wa Auschwitz, alitoa mimba za wenzake kwa siri, bila vifaa, kwa kuwa aliyegundulika kuwa mjamzito aliuawa. Nimezalisha kwa zaidi ya miaka thelathini, na bado sijui ningeweza kuinua mikono yangu kwa kazi hiyo.

Kuhusu kubakwa, yalikuwepo, na wengi waliyanyamazia hadi uzeeni. Kwa hiyo hujasema uongo. Swali langu ni nani anayetazama. Fundi wako hakuwepo Auschwitz. Amejuaje urefu wa kisu kilichowanyoa? Msichana amweleze anachotaka kumweleza, akatishe anapotaka kukatisha, na cherehani iendelee.

Msomaji wa Kenya anajibu:

Mimi nina neno moja tu. Huyo fundi umemfanya dirisha la kuchungulia maisha ya wengine. Anaishi katika kitongoji cha Waafrika, katika mji ambao Desemba 1941 askari wa kikoloni waliwapiga risasi wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waliogoma. Naye ana wafu wake. Simwambii mwandishi alinganishe, maana hayalingani, lakini asijifanye kwamba aliyeshika mkasi hana la kukumbuka.

Fundi wa Maneno anajibu:

Asanteni sana. Mama Mkunga, swali lako la kisu limeniaibisha, kwa sababu kisu hicho kweli nimekieleza kwa mistari sita. Nitaivunja sura ya nne na kuitawanya: vipande vyake vitatokea dukani, msichana akisimulia kwa Kifaransa chake kibovu na Kiswahili anachojifunza, huku fundi akielewa nusu. Tukio la kubakwa litabaki katika sentensi moja ambayo hataimaliza. Msomaji wa Kenya, fundi sasa ana dada mjane.

Mwalimu, limebaki moja. Je, msichana wa Rhodes angehesabu kwa Ladino anapopima kitambaa? Nataka fundi azisikie namba hizo kila siku, akadhani ni wimbo.