Likizo ya watoto Waterloo: jumba la sanaa la mji

Kutoka kwa: mama wa watatu, Waterloo, Iowa

Wapendwa, hamjambo. Tumehamia hapa Machi tukitokea Texas. Mimi na mume wangu wote tuko kiwanda cha nyama, yeye zamu ya mchana, mimi ya usiku. Shule zinafungwa wiki ijayo na sina pa kuwapeleka watoto. Jirani ameniambia kuna jumba la sanaa kando ya mto, Waterloo Center for the Arts. Nimepita nje mara mbili nikarudi. Nahisi ni mahali pa wenye fedha na wanaojua mambo ya picha. Je, mlangoni wanadai karatasi gani?

---

Kutoka kwa: dada yenu, mwaka wa saba Waterloo

Mama, pole na zamu ya usiku, naijua.

Ingia tu. Mlangoni hakuna atakayekuuliza karatasi wala uraia. Kumbi za picha ni bure. Sehemu ya watoto, Phelps Youth Pavilion, ndiyo yenye kiingilio, na huko wadogo wako watashika, watapaka, watajenga. Kama mna kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula, waulize kama wamo kwenye mpango wa Museums for All. Ulianza 2014, na majumba zaidi ya 1,000 nchini yamejiunga: unaonyesha kadi, mnaingia hadi watu wanne, bure au kwa dola zisizozidi 3 kila mmoja. Uliza pia kuhusu msaada wa ada za madarasa ya kiangazi. Mara nyingi fungu la msaada lipo, lakini humwendea aliyeuliza mapema.

Hiyo hofu ya kwamba si mahali pako, nataka kuijibu vizuri, maana hata mimi nilikuwa nayo. Jumba lile ni mali ya mji, sawa na bustani na barabara. Kodi ambayo mji unatoza nyumba unayopanga, mwenye nyumba anaitoa kwenye pango unalomlipa kila mwezi. Kwa hiyo unalichangia hata kabla hujakanyaga ndani. Na neno "mali ya mji" si maneno matupu. Detroit ilipofilisika 2013, wadai waliutazama mkusanyiko wa jumba lake la sanaa kama mali ya kuuzwa, kwa sababu ulikuwa wa mji. Uliokolewa kwa michango mikubwa, ukakabidhiwa chombo kisicho cha serikali.

Sasa kuna jambo ambalo jirani yako huenda hakukwambia. Jumba hili dogo lina mmoja wa mikusanyiko mikubwa zaidi ya sanaa ya Haiti katika Marekani nzima. Utaona mapipa ya mafuta yaliyopasuliwa, yakalazwa bapa kwa nyundo, kisha yakakatwa kwa patasi hadi yakawa nguva, ndege na watu wenye mbawa. Ufundi huo ni wa Croix-des-Bouquets, mji wa Haiti, alikokuwa mhunzi Georges Liautaud akifua misalaba ya makaburi kabla kazi zake hazijajulikana miaka ya 1950. Zipo pia bendera zilizoshonwa kwa shanga na vipande vya kumetameta.

Baba mkwe wangu ni mtu wa Bas-Congo, magharibi mwa Kongo, siku hizi huitwa Kongo Central. Alipofika kwetu alikaa miezi mingi dirishani bila kusema neno. Siku moja nilimchukua kwa sababu tu sikutaka kumwacha peke yake. Akasimama mbele ya bendera moja, Kiingereza hajui, ila kwenye kibandiko akasoma jina: Simbi. Akaniita. Akasema, hili ni la kwetu, hao ni roho wa maji. Na ni kweli, jina ni la Kikongo. Sehemu kubwa ya waliopelekwa Haiti utumwani walitoka Kongo na nchi zilizo jirani nayo. Mzee alizungumza na mwanangu njia nzima hadi nyumbani, hadithi ambazo hata mume wangu hakuwahi kuzisikia. Nikakumbuka siku zote alizokaa pale dirishani.

Nenda, mama. Na ukifika, mwambie wa mapokezi kwamba unazungumza Kiswahili. Wakituona wengi, watajua tupo.

---

Kutoka kwa: kaka, Cedar Rapids

Naunga mkono. Naongeza mawili.

Wanaotaka kujitolea pale: ni njia nzuri ya kuzoea Kiingereza na kupata mtu wa kukuandikia barua ya sifa. Mahali penye watoto, tarajieni kuchunguzwa rekodi ya polisi. Ila kama unasubiri hifadhi na kibali cha kazi hakijatoka, zungumza na wakili wako kwanza, na usipokee malipo yoyote, hata zawadi ya kadi ya duka. Nilimwona ndugu akihangaika kwa jambo dogo kama hilo.

La pili ni bajeti. Mwaka wa fedha wa miji ya Iowa huanza Julai 1, kwa hiyo madiwani huwasikiliza wakazi miezi kadhaa kabla. Tukitaka saa ya hadithi kwa Kiswahili au vibandiko vya lugha yetu, huko ndiko kwa kusemea. Dakika chache zinatosha, na si lazima uwe raia ili uongee.

---

Kutoka kwa: mama wa watatu

Asanteni sana. Jumamosi tumekwenda. Nilikuwa nimebeba bahasha nzima ya karatasi, sikuifungua. Wa mwisho alilia tulipoondoka. Mkubwa, asiyetoa macho kwenye simu, aliuliza pipa hukatwaje bila kuchanika, sikuwa na jibu.

Tunarudi Jumamosi ijayo saa nne asubuhi. Gari lina nafasi mbili, aliye upande wa mashariki aniandikie.