Kompyuta ya Kikoba

*Alhamisi, saa 1:40 usiku*

Mama: Wanangu hamjambo. Ile kompyuta ya hesabu za kikoba imekuwa nzito tangu juzi. Nimeiwasha adhana ya magharibi inalia, nimeswali, nimekunja mswala, kiduara bado kinazunguka. Na Jumapili tunagawana. Wenzangu 27, hisa zao zote zimo humo.

Hamisi: Shikamoo Mama. Juzi kuna mtu aliigusa?

Mama: Marahaba baba. Kila asubuhi ilikuwa inaniletea maneno kwamba Windows 10 imefika mwisho. Nikaingiwa na hofu, nikaipeleka kwa fundi wa hapa mtaani, akaniwekea Windows 11.

Shangazi Rehema: Pole wifi. Ya kwangu nayo ilikuwa hivyo hivyo nilipoiapdeti. Nilijaza alama za wanafunzi mpaka saa saba usiku.

Baba Mdogo: Hawa watu wanafanya makusudi. Wanakiua kifaa kizima ili tukanunue kingine.

Hamisi: Shikamooni Shangazi, Baba Mdogo. Mama, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Pale palipoandikwa Disk pana namba gani?

Mama: Ngoja.

Mama: Bado inafunguka.

Mama: 100%. Na Memory 93%. Halafu kuna mlio ndani, kro kro kro, kama panya kwenye gunia la mahindi.

Hamisi: Basi tumeshajua. Hiyo kompyuta ina RAM, ndiyo hiyo Memory, ya GB 4 tu, na diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka. Chukulia meza yako ya kukatia nguo ndiyo RAM, na sanduku la vitambaa chini ya kitanda ndilo diski. Meza ikijaa, kila ukitaka kukata gauni lazima ukunje kitambaa kingine ukirudishe sandukuni, kisha ukitoe tena. Siku nzima unainama na kuinuka. Huo mlio ndio kuinama kwenyewe.

Mama: Mbona zamani meza ilitosha?

Hamisi: Kwa sababu vitambaa vimekuwa vikubwa. Windows 95 ilitaka RAM ya MB 4 tu. Windows 11 inaanzia GB 4, zaidi ya mara 1,000, na hicho ni kiwango cha chini kabisa. Toleo jipya linakagua virusi, linaorodhesha mafaili upya, linashusha masahihisho, yote kimyakimya wewe ukiwa unaandika hisa. Wanaoziandika programu hizi wana mashine mpya mezani, huo mlio hawausikii. Linaniuma sana jambo hili.

Baba Mdogo: Si ndiyo nilichosema?

Hamisi: Shaka yako si ya bure, Baba Mdogo. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walipunguza kasi ya iPhone zenye betri chakavu ili zisijizime ghafla. Mwaka 2020 Ufaransa ikawatoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Lakini hii ya Mama ni mzigo kumzidi punda. Windows 11 inataka prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, za Intel kuanzia kizazi cha 8, yake ni kizazi cha 4. Fundi ameruka ukaguzi kwa njia ya pembeni. Angemweleza kwanza.

Shangazi Rehema: Kwa hiyo angebaki na ile ya zamani?

Hamisi: Nayo ina hatari yake, Shangazi. Masahihisho ya kawaida ya usalama yalikoma 14 Oktoba 2025. Hofu ya Mama ilikuwa ya haki.

Baba Mdogo: Shemeji, tuchange tukununulie mpya.

Mama: Hapana. Hii niliinunua kwa fungu langu la kwanza la kikoba.

Zuhura: Shikamooni wote. Mama, nipo likizo, Jumamosi nakuja. Tutaweka diski ya SSD, haina kitu kinachozunguka, na RAM ifike GB 8. Haifiki hata robo ya bei ya kompyuta mpya. Kisha nakuwekea Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, ni bure na bado inapata masahihisho. Faili lako la Excel litafunguka kwa LibreOffice, programu inayofanya kazi kama hiyo Excel. Ila usiku huu huu nakili hesabu kwenye flashi mbili, nakuomba.

Mama: Nanakili sasa.

*Jumamosi, saa 10:15 alasiri*

Mama: Imewaka kabla sijamaliza kumenya kitunguu kimoja.

Shangazi Rehema: Alhamdulillah! Na hesabu?

Mama: Zipo zote. Nimelinganisha na daftari, jina kwa jina. Zuhura yuko njiani kurudi. Mwanangu, ile diski ya zamani hukuitupa? Ina picha za marehemu babu yenu.

Zuhura: Picha nimekuhamishia zote, Mama. Na diski yenyewe ipo kabatini nyuma ya vikombe, kwenye bahasha ya kaki. Nimeandika juu jina lake.