Tupeane uzoefu: jedwali la watu na jozi za maneno, namna ya kuona unavyojipima na unavyowapima wengine

Mzee wa Jedwali (mwenye uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaotumia jedwali la George Kelly, iwe kwenye ushauri nasaha, kwenye mafunzo ya kazini, au kwa kujipima mwenyewe chumbani. Simulizi za "nilikuwa hivi nikawa vile" tumeshasoma za kutosha. Hapa leteni kazi inavyofanyika: kadi ngapi, swali linaulizwaje, wapi panaharibika.

Kwa mgeni: Kelly alikuwa mwanasaikolojia Mmarekani wa Kansas, aliyezaliwa 1905. Miaka ya 1930, wakati wa ukame, vumbi na hali ngumu ya uchumi, alifundisha chuo cha Fort Hays huko huko Kansas na kuendesha kliniki ya kuzunguka mashuleni. Nadharia yake aliichapisha 1955 akiwa Chuo Kikuu cha Ohio State, juzuu mbili. Alimchukulia kila mtu kuwa ni mtafiti: anabashiri litakalotokea, anajaribu, anasahihisha. Anabashiri kwa kutumia jozi za maneno zenye ncha mbili alizojitengenezea mwenyewe tangu utotoni. Mkarimu au mchoyo. Mkunjufu au mkavu. Wa kuaminika au kigeugeu. Jozi hizi mtu hawezi kukutajia kwa kuulizwa tu. Muulize "unawapimaje watu?" atakwambia "kwa utu wao", na hapo mazungumzo yameisha.

Matayarisho: karatasi moja ya A4, ikunje katikati mara 3, kata kwenye mikunjo, unapata kadi 8. Kila kadi mtu mmoja: (1) mimi nilivyo, (2) mimi ninavyotaka kuwa, (3) mzazi au aliyenilea, (4) rafiki au ndugu wa karibu, (5) ninayemheshimu, (6) ninayemkwepa, (7) aliye juu yangu kazini au shuleni, (8) ninayemhurumia. Kuanzia ya 3 hadi ya 8 wawe watu unaowafahamu kwa macho, si wasanii wala viongozi wa kwenye taarifa ya habari. Hao utawapima kwa picha yao tu. Andika namba kwenye kadi badala ya jina. Jedwali lenye jina la shemeji likisahaulika juu ya meza ya sebuleni, hicho kitakuwa kikao kingine kabisa.

Tenga saa moja na nusu.

Kadi Nane

Niendelee na watatu watatu, maana hapa ndipo wengi wanapokimbia.

Vuta kadi 3. Swali ni moja: "Wawili gani kati ya hawa wanafanana kwa jambo fulani la muhimu, na jambo hilo linawatenga na wa tatu?" Andika jambo hilo upande wa kushoto. Kisha uliza ncha ya pili. Rudia mara 8, kila safari watatu tofauti, ukipanga mapema ili kila kadi itokee mara 3 (nafasi 24 kwa kadi 8, hesabu inakaa sawa). Ukiacha bahati ipange, kadi ya "ninayemkwepa" itatokea mara moja tu, na hiyo ndiyo inayotoa maneno mengi kuliko zote.

Majibu ya kukataa kwa upole: "wote warefu", "wote walimu", "wote wanakaa Mbagala". Ni kweli, lakini hayasemi lolote kuhusu namna mtu anavyobashiri. Usimwambie amekosea, sema: "Sawa, na wakiwa walimu wanakuwaje?" Jibu la "wazuri" nalo uliza hivyo hivyo: "Wazuri wanafanya nini?" Likirudi jozi uliyokwisha kuandika, usiiandike tena. Mwombe jambo jingine kwa watatu hao hao, na akikosa badilisha kadi moja.

bint_daftari

Nyongeza kwenye ncha ya pili, kwa sababu Kiswahili chetu kinatupa njia ya mkato inayoharibu kazi: "si" na "asiye". Mtu anasema "mpole", unamuuliza kinyume chake, anajibu "asiye mpole". Ukiandika hivyo umeandika ncha moja mara mbili.

Uliza: "Huyo asiye mpole, ukimwona unamjuaje?" Mmoja atasema "mkali". Mwingine atasema "mwenye msimamo". Hawa wawili wametumia neno moja, "mpole", lakini wanaishi katika dunia mbili. Wa kwanza kwake upole ni kinga dhidi ya ukali, ataupenda. Wa pili kwake kuwa mpole ni kukosa msimamo, na unaweza kumhubiria upole mwaka mzima asikusikie, maana unachomwomba kwa hesabu zake ni kwamba akubali kuburuzwa.

Maneno mengine ya kuangalia kwa makini: "mtu wa watu" (kinyume chake kwa huyu ni "mbinafsi", kwa yule ni "mtu mwenye mambo yake"), "mwenye haya" (asiye na adabu, au mchangamfu?), "mkimya" (msema sana, au mkweli?). Usikisie. Na usimsaidie neno, hata kama amekaa kimya dakika nzima anatafuta.

Kijana wa Mwanza

Swali, wakuu. Mtu akijua Kiswahili, Kiingereza na lugha ya kwao, afanye kwa ipi?

bint_daftari

@Kijana wa Mwanza ile anayogombania, kaka. Anayotumia akiwa amekasirika na hachagui maneno. Akichanganya, andika alivyochanganya. Neno la kwao lisilo na Kiswahili chake liache lilivyo, umwombe akueleze mtu wa namna hiyo anafanya nini.

Penseli Mbili

Sasa namba. Chora mistari 8 ya jozi na safu 8 za watu. Ncha ya kushoto ni 1, ya kulia ni 5. Jaza kwa mstari, usijaze kwa mtu: chukua jozi moja, pitisha watu wote 8, kisha jozi inayofuata. Ukijaza kwa mtu, ukifika kwenye safu ya mama mkono utaandika 1, 1, 1, 1 kabla kichwa hakijafikiri.

Hilo la mama lina dawa mbili. Ya kwanza: usipange ncha zote nzuri kushoto, geuza jozi 3 au 4 ili "mkarimu" awe 1 na "mvumilivu" awe 5. Ya pili: safu ikiwa bado imenyooka, usibishane naye. Waweke watu pembeni, fanya jedwali la pili ambalo kadi zote ni yeye mwenyewe: mimi kazini, mimi msibani, mimi kwa wakwe, mimi na watoto, mimi nikidaiwa. Inakubalika kabisa, na hakuna mzazi anayeshtakiwa.

Kulinganisha hakuhitaji kompyuta. Chukua mistari miwili, toa namba kwa namba bila kujali alama ya kutoa, jumlisha. Watu 8, tofauti kubwa kabisa kwa kila mmoja ni 4, basi jumla ya juu ni 32. Mfano:

anayesikiliza (1) / anayedakia maneno (5): 2 1 4 2 1 5 5 3
mkweli (1) / mnafiki (5): 2 1 3 2 1 5 5 2

Tofauti ni 1 kwenye safu ya tatu na 1 kwenye ya nane. Jumla 2 kati ya 32. Maana yake jozi hizi mbili kwa mtu huyu karibu ni jozi moja: anayedakia maneno ameshahukumiwa unafiki kabla hajamaliza sentensi. Mwenye jedwali hajui kama anafanya hivyo. Mwonyeshe namba, nyamaza, ngoja.

Jumla ikikaribia 32 msiseme hazihusiani. Zinahusiana kwa kupinduana. Geuza mstari mmoja (6 toa kila namba) uhesabu tena. Zisizohusiana ni zile za katikati.

Mzee wa Jedwali

Asante, Penseli. Kwenye safu (watu) watu wengi huishia kulinganisha safu ya 1 na ya 2, nilivyo na ninavyotaka kuwa, wakaridhika na jumla. Jumla peke yake ina maneno machache. Tafuta mistari ambayo 1 na 2 zimeachana kwa 3 au 4, halafu kwenye mistari hiyo hiyo mwangalie "ninayemkwepa". Mara nyingi huyo mtu asiyetakiwa ndiye amekaa pale pale unapotaka kufika. Unataka uwe "anayesema wazi", na mtu pekee kwenye jedwali lako mwenye 1 hapo ni yule unayemwita mkorofi. Basi kila ukikaribia kusema wazi unajiona unakuwa yeye, unarudi nyuma. Hapo tatizo ni jedwali lenyewe: halina mtu anayesema wazi bila ukorofi. Ongeza kadi ya 9, mtafute mtu huyo.

Mkufunzi wa Zamu

Baada ya jedwali kuna ngazi, ile ya Dennis Hinkle (1965, mwanafunzi wa Kelly). Chukua jozi moja, uliza angependa kuwa upande gani, kisha uliza umuhimu wake, jibu lake nalo liulizie ncha ya pili na umuhimu, panda hivyo. Vidato 4 hadi 6 vinatosha kwa ngazi moja. Utajua umefika juu jibu linapoanza kujirudia, au anaposema "basi tu, ndivyo mtu anavyopaswa kuwa".

Tatizo la kwetu ni neno "kwa nini". Kwa nini ya tatu inasikika kama mahojiano kituoni, na mkubwa kwako kiumri ataona umemkosea adabu. Badilisha: "Kuwa hivyo kunakusaidia nini?" au "Ukiwa upande ule wa pili kuna ubaya gani?" Kwa mzee: "Naomba nielewe, hilo lina uzito gani kwako?"

Ngazi mbili kwa kikao, basi. Hili swali ni dogo lakini linafika kwenye misingi ya mtu haraka mno, na mwenye msiba mbichi au ndoa inayovunjika msimpandishe kabisa. Akianza kulia hujashinda. Simamisha, shuka naye kwa swali la chini: "Mtu wa namna hiyo ukimwona barabarani utamtambuaje?"

Kadi Nane

Mwalimu, naunga mkono ila wengi wanaitumia ngazi pale ambapo pangefaa jedwali dogo la Finn Tschudi, mwanasaikolojia wa Norway, la A, B na C. Ni kwa ajili ya jambo ambalo mtu anasema anataka kulibadilisha na halibadiliki. Gawa ukurasa safu mbili.

A: nilipo ("nakubali kila anayenikopa") na ninapotaka ("nakataa nisipokuwa nacho").
B: ubaya wa nilipo, uzuri wa ninapotaka. Hii inajaa dakika mbili: mshahara hauvuki tarehe 15, nina hasira na ndugu.
C: uzuri wa nilipo, ubaya wa ninapotaka. Hapa kalamu inasimama. Iache isimame. Kitakachoandikwa ("naitwa mtu wa watu", "nikikataa nina roho mbaya") ndicho kinachoshikilia lote.

Kosa la kawaida ni kuruka C kwa sababu B imependeza.

bint_daftari

Kwa asiyependa namba kuna picha ya maandishi, nayo ni ya Kelly. Unaandika juu yako kana kwamba wewe ni mhusika mkuu wa tamthilia, na mwandishi ni rafiki anayekujua kwa ndani na kukuonea huruma. Nafsi ya tatu tu. Ukurasa mmoja, dakika 20 hadi 30, hakuna kufuta.

Ukisoma, anza na sentensi ya kwanza na ya mwisho. Kisha zungushia kila "lakini", maana kabla na baada yake pana jozi: "mcheshi lakini anaaminika" inakwambia kwake wacheshi hawaaminiki. Kisha angalia viambishi vya wakati. "Hukasirika", "huwa hasemi": amejifunga, kwake hiyo ni tabia kama rangi ya ngozi. "Amekasirika siku hizi": ameacha mlango wazi. Usimwonyeshe hili kabla hajaandika, atachagua viambishi.

Kijana wa Mwanza

Na ukishajua jozi zako, unazijaribuje?

Penseli Mbili

Daftari la ubashiri. Chukua jozi moja kwa wiki mbili. Safu nne: tarehe, nabashiri nini, uhakika kati ya 10, kilichotokea. Safu tatu za kwanza zijazwe KABLA. Ubashiri uwe wa kitu kinachoonekana: "nikimwomba ruhusa Ijumaa atanijibu kwa ukali mbele ya wenzangu", si "mambo yatakuwa mabaya", kwa sababu mabaya hayakosekani. Bashiri zikifika 10, hesabu ngapi zimetimia.

Angalia pia kama umeanza kulazimisha. Ulibashiri atafoka, hakufoka, ukarudi mara ya pili na ya tatu hadi akafoka, ukaandika "nilijua". Kelly aliliita hilo uhasama: kutafuta kwa nguvu ushahidi wa ubashiri ulioshindwa tayari. Mstari wa namna hiyo futa, au uweke alama pembeni.

Mkufunzi wa Zamu

Jedwali lirudiwe baada ya miezi mitatu hivi, watu wale wale, jozi zile zile, bila kuchungulia la zamani. Andika la zamani kwa penseli nyeusi na jipya kwa nyekundu, uyalinganishe juu ya kioo cha dirisha mchana. Mistari ambayo haikusogea hata namba moja ndiyo ya kupeleka kwenye ngazi.