Fundi niliyemlipa afiche swichi ya pikapu yangu ameitangaza hadharani

Mwenye Pikapu Nyeupe

Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira, kwa hiyo mkiona herufi zimepishana mnivumilie.

Fundi umeme wa magari yule mnamjua. Simtaji, wala hana haja ya kutajwa, kwa sababu kila mwenye gari ndani ya Mwanza amewahi kukaa kwenye benchi lake akisubiri gari "linalokwisha sasa hivi" hadi adhana ya magharibi. Huyo huyo. Nilimpelekea pikapu yangu, Hilux ya zamani ya dizeli yenye injini ya 3L, ninayobebea saruji na nondo, kwa kuwa mtaani kwetu magari ya aina hiyo yameanza kuondoka usiku bila kuaga. Nilimwomba anifungie swichi ya siri, ili mwizi hata akivunja kitasa na kuunganisha nyaya za ufunguo, gari lisiwake mpaka aiguse swichi ambayo haijui ilipo. Aliniambia kwa sauti ya chini, na uso wa mtu anayekula kiapo, kwamba jambo hilo litabaki kati yangu, yeye na Mwenyezi Mungu. Nikamlipa bei aliyoitaka bila kuomba punguzo, kitendo ambacho mke wangu hajanisamehe mpaka leo.

Leo mchana nimepita na pikapu mahali pa kuoshea magari. Walikuwapo waosha magari, bodaboda waliojipumzisha kivulini, mama wa chapati, na vijana kadhaa ambao kazi yao siijui, na nadhani wao wenyewe hawaijui. Fundi naye alikuwapo, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatafuna muwa. Aliponiona alitema makapi, akasimama, na kutoka ng'ambo ya barabara akapaza sauti: "Mzee wangu! Ile swichi ya siri niliyokufungia chini ya boksi la fyuzi, bado inafanya kazi?"

Someni tena, wakuu. Chini ya boksi la fyuzi. Mbele ya mama wa chapati.

Kijana mmoja aliinama pale pale, akachungulia ndani ya kebini kupitia dirisha lililokuwa wazi, kisha akamgeukia mwenzake na kusema, "Kweli, ipo." Alisema hivyo kwa utulivu wa mkaguzi wa serikali. Nilipomvuta fundi pembeni nimuulize kama amerukwa na akili, alicheka mpaka muwa ukamdondoka, akanijibu kwa sauti ile ile ya mnadani: "Mzee, usiwe na wasiwasi. Mwizi anayejua magari hawezi kuliiba hili, na asiyejua magari hawezi kuliendesha." Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Hata mteja aliyekuwa amelala kwenye gari lake aliamka ili acheke.

Siri niliyoilipia sasa inajulikana kuanzia Igoma hadi Kirumba. Wavuvi walioko katikati ya Ziwa Victoria wanaijua. Kuku wa jirani akipita karibu na gari langu anatazama chini ya dashibodi. Sina swali la kuuliza wala ushauri ninaoomba. Nimekuja kusema tu kwamba mtu anaweza kulipwa ili afiche kitu chini ya boksi la fyuzi, kisha akasimama barabarani akatangaza kwamba kiko chini ya boksi la fyuzi.

Dizeli Kavu

Pole sana, mkuu. Naomba nikuulize kwa heshima. Kijiweni walisikia watu wasiofika idadi ya abiria wa daladala moja. Hapa umetuandikia aina ya gari, injini, rangi, mji na mahali swichi ilipo, tena umerudia ili hata msomaji mzito aelewe. Kilichobaki ni kutuambia unalilaza wapi.

Mwenye Pikapu Nyeupe

Boksi la fyuzi nimelitaja kama mfano. Inaweza kuwa hapo, inaweza isiwe hapo.

Binti wa Nyegezi

Kaka, kijana alichungulia akasema "Kweli, ipo," nawe umetuandikia hivyo kwa mkono wako. Isitoshe, kwenye picha yako ya wasifu umeegemea pikapu hiyo hiyo, na namba za usajili zinasomeka vizuri kuliko sura yako.

Fundi Mstaafu

Vijana, acheni kejeli kidogo nimuulize mwenzetu jambo la msingi. Hiyo swichi inakata nini? Inakata stata, au inakata umeme unaokwenda kwenye pampu ya dizeli?

Mwenye Pikapu Nyeupe

Inakata stata, mzee wangu. Ukigeuza ufunguo bila kuibonyeza, kimya kabisa, hata mlio hakuna. Kwa upande huo kazi yake sina shaka nayo. Gari lenyewe nalilaza mteremkoni, Isamilo, kwa sababu betri imechoka na asubuhi huwa nalisukuma kidogo ndipo liwake.

Dizeli Kavu

Nilisema kilichobaki ni mahali pa kulaza. Ahsante kwa ushirikiano.

Fundi Mstaafu

Mdogo wangu, umejibu swali langu na la mwizi kwa pamoja. Injini ya 3L ina pampu ya mafuta isiyoendeshwa na kompyuta. Umeme inaohitaji ni wa ile valvu ndogo iliyo juu ya pampu, ambayo hufunguka ukiwasha ufunguo na kufunga mafuta ukiuzima. Injini ikishazungushwa na valvu ikiwa wazi, inaunguruma. Mwizi akiunganisha nyaya za ufunguo hana shida na stata yako: atatia gia ya pili, ataachia breki ya mkono, mteremko wa Isamilo utamsaidia, ataachia klachi, na gari litawaka kama linavyokuwakia wewe kila asubuhi. Waya wa kukata ulikuwa ule unaokwenda kwenye valvu ya pampu. Hata huo pekee hautoshi, kwa sababu mwizi mzoefu hufungua boneti na kuvuta waya mpya kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye valvu, ndiyo maana sisi tulikuwa tukichomelea bamba la chuma juu yake na kuweka kufuli kwenye boneti. Ongeza kufuli la gia, lile la pini nene ambalo hufungwa gari likiwa kwenye rivasi. Hilo halihitaji siri, maana hata akiliona inabidi alikate, na kukata kuna kelele.

Mwenye Pikapu Nyeupe

Kwa hiyo alinitoza fedha zote zile kwa swichi isiyozuia kitu, halafu akaitangaza? Afadhali angetangaza kitu chenye maana.

Msomi wa Magari

Naona mnahangaika na mambo ya kale. Mwaka 2022, jijini London, Ian Tabor, mtaalamu wa usalama wa mifumo ya magari, aliibiwa Toyota RAV4 yake mwenyewe. Wezi walibandua bampa, wakafikia soketi ya taa ya mbele, wakachomeka kifaa kinachopenyeza ujumbe wa uongo katika mfumo wa mawasiliano wa ndani ya gari, na gari likaamini kwamba ufunguo halali upo. Tabor alinunua kifaa cha aina hiyo akichunguze, akakuta kimefichwa ndani ya spika ndogo ya JBL, na mwenzake Ken Tindell akaandika maelezo yote mwaka 2023. Ufunguo wenye chipu siku hizi si kinga ya kutosha.

Dizeli Kavu

Mwizi akija na spika yake Isamilo ataishia kusikiliza muziki. Hilux hiyo haina kompyuta ya kudanganywa. Inadanganywa na mteremko.

Mama Vifaa

Nyote mnalalamikia pikapu iliyopo. Yangu tuliifungia GPS ya kampuni moja mnayoifahamu, wale wenye tangazo la simba. Ilipoibwa nilifungua ramani nikaona gari limetulia nyumbani kwangu, nami nimesimama pale pale kwenye alama ya matairi. Kumbe ndani ya kifaa mna laini ya simu, laini iliisha bando, na ramani ilikuwa ikionyesha mahali pa mwisho ilipopata mtandao. Nilipowapigia, dada wa huduma kwa wateja aliniambia, "Mama, kwenye mfumo wetu gari lako liko salama." Nilimjibu kwamba basi aje alipande.

Binti wa Nyegezi

Dada, pole. Na bima je?

Mama Vifaa

Ndogo. Ile inayomlipa uliyemgonga. Ukiibiwa haikujui, mpaka uwe na bima kubwa.

Kebini Mbili

Afadhali ninyi mnaolindwa na vifaa. Sisi tuliajiri mlinzi, na kwa kuwa usiku ni baridi tukamruhusu alale nyuma, ndani ya bodi ya pikapu. Asubuhi tulikuta betri imeondoka, vioo vya pembeni vimeondoka, mlango wa nyuma wa bodi umeng'olewa, na mlinzi yupo, amefunikwa shuka ambalo si letu. Yaani wezi walimwonea huruma. Mlango ule haukuwataka hata spana: unauinamisha kidogo, unautoa upande mmoja kwenye bawaba, umemaliza. Na namba za gari tulikuwa tumezichora kwenye vioo vyote! Nilipokwenda kutafuta vingine madukani nikauziwa vyenye namba za mtu mwingine zilizokwaruzwa.

Mwenye Pikapu Nyeupe

Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Mtu amesimama ng'ambo ya barabara, mkononi ana muwa, anasema chini ya boksi la fyuzi. Hakuna anayeliona hilo?

Mchapakazi wa Geita

Tumeliona, kaka. Mimi naomba namba ya simu ya huyo fundi, kama anafunga pia taa za ukungu.

Kebini Mbili

Nilisahau kusema kwamba tairi la spea nalo lilikwenda. Lile linaloning'inia chini ya bodi, mwizi huingiza chuma kilichopinda kwenye tundu la bampa ya nyuma, anazungusha, na tairi linashuka taratibu.

Fundi Mstaafu

La spea halilindwi na kile kinyororo lilichotoka nacho kiwandani. Pitisha mnyororo mnene kwenye matundu ya rimu, uuzungushe kwenye chesisi yenyewe, kisha ufunge kufuli upande wa juu ambako msumeno haufiki kwa urahisi. Kufuli ulivishe kipande cha tyubu, la sivyo vumbi na maji vitaliozesha, na siku ya pancha wewe mwenyewe utashindwa kulifungua.

Mama Vifaa

Tyubu ya baiskeli inatosha, mzee?

Mwenye Pikapu Nyeupe

Nimemwona tena jioni hii. Amenipungia mkono.

Fundi Mstaafu

Ya pikipiki, mama. Ya baiskeli ni nyembamba, inapasuka ikipigwa na mawe.