Mwaka wa tatu: disertesheni au optional mbili? Na Ekonometriki yangu imepotea kwenye sistimu, dirisha linafungwa Ijumaa

Binti_Igoma
Habari za jioni wadau. Naombeni mnisaidie haraka maana usajili unafungwa Ijumaa na mimi hapa kichwa kimegoma kabisa. Niko chuo kimoja hapa hapa Mwanza, jina niachieni, sitaki kesho niitwe ofisini. Nasoma ekonomia naingia mwaka wa tatu. Miaka miwili nimebeba krediti 240, GPA, ule wastani wa alama, imesimama kwenye 4.35, yaani fasti klasi, daraja la kwanza, naichungulia dirishani tu, ndani sijaingia.

Kwetu mwaka wa tatu unachagua, uandike disertesheni, utafiti wako mwenyewe, ya krediti 20 au uiache uchukue optional mbili, zile kozi za kujichagulia, za krediti kumi kumi. Juu ya hapo kuna optional nyingine moja ya krediti 10 ambayo kila mtu lazima achukue, mimi nilichagua Ekonometriki ya Pili, ile ya kupima uchumi kwa takwimu. Sasa Jumatatu nimekaa steshenari ya mama mmoja karibu na geti tangu saa mbili asubuhi, kale kaduara kanazunguka tu, nimelipa nusu ada kwa kontrol namba na meseji ya malipo ninayo lakini sistimu inasema sijalipa, umeme ukakatika ukarudi, saa saba mchana ndo ikakubali. Nikatiki kozi zote, ikaandika umefanikiwa, nikaenda zangu kula ugali na dagaa nimeridhika.

Leo naingia naikuta Ekonometriki haipo!! Nina krediti 110 badala ya 120. Hakuna meseji, hakuna tangazo, hakuna kitu. Nikamuuliza CR, kiongozi wa darasa letu, anasema HOD, mkuu wa idara, kasema kozi ikiwa na watu chini ya kumi haifundishwi na sisi tuko saba. Sasa mtu anafuta kozi yako kimyakimya kama anafuta namba ya ex, ni haki hiyo?

Halafu kingine, binamu yangu kasoma Kenya, cheti chake kimeandikwa Honours, na kila tukikutana kwenye msiba au harusi ananiambia digrii zenu za Bongo hazina hiyo. Je na sisi kuna kozi za honours za kujisajili ambazo mimi sijaambiwa au ananipiga kamba tu?

Mzee_wa_Sapu
Dada usijitese. Achana na disertesheni, utakuja kulia. Mimi supavaiza wangu nilimtafuta mwezi mzima, nikampata kwenye foleni ya daladala Buhongwa akaniambia nitumie kwa imeili. Chukua optional mbili nyepesi, kuna zile lekchara anagawa A kama karanga za kuonja, nafasi ya Ekonometriki weka nyepesi nyingine, msuli kidogo GPA kubwa. Ekonometriki ya Pili kwani umekosa matatizo?

Kamanga_Feri
Mzee wa Sapu, yaani wa mitihani ya marudio, jina lako linatosha kuwa ushauri 😂

Binti Igoma, kwanza shika kalamu. Mtaniambia najifanya mwalimu lakini hili lilinikuta mimi mwenyewe. Nilimaliza na 4.38. Nikajua hiyo si ni 4.4, nikamwambia na mama nimepata daraja la kwanza, mama akachinja kuku. Transkripti inatoka imeandikwa 4.3, apa sekondi, daraja la pili juu. Hawazungushi kwenda juu, wanakata, desimali moja tu inabaki. Kuku alishaliwa.

Sasa yako. 4.35 mara 240 ni pointi 1044. Ili ufike 4.4 kwenye krediti 360 unatakiwa uwe na pointi 1584. Toa, unabaki unadaiwa 540 kwa krediti 120 za mwaka huu, ambayo ni wastani wa 4.5. Kama kwenu A ni 5, B+ ni 4 na B ni 3, maana yake nusu ya krediti zako ziwe A na nusu B+, hakuna B hata moja, au ukipata B mahali uilipie kwa A mahali pengine.

Hapo ndo disertesheni inapokuja. Ni krediti 20 kwenye kikapu kimoja. Ukipata A umevuna 100, zile krediti 100 zilizobaki unahitaji A kwenye 40 tu na B+ kwenye 60, unatembea. Ukipata B umevuna 60, hapo inabidi upate A kwenye krediti 80 kati ya 100 zilizobaki, na hiyo dada yangu ni kupanda jiwe la Bismarck kwa kandambili. Optional mbili zinagawa hatari, moja ikikuangusha nyingine inakushika. Kwa hiyo swali la ipi nyepesi liweke pembeni, jiulize una uhakika gani na supavaiza na data. Una mada tayari au unaenda kuanza kuitafuta Machi?

Binti_Igoma
Kaka Kamanga wabeja sana, hakuna mtu aliwahi kunipigia hesabu hivyo, pole kwa kuku. Mada ninayo. Nataka kuangalia bei ya dagaa pale Mwaloni Kirumba inavyopanda na kushuka kufuata mwezi. Mama yangu mdogo anauza pale magunia, wateja wake wengine wanatoka hadi Kongo, ana daftari za bei za miaka sita kaandika kwa mkono tarehe kwa tarehe. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawaingii maana dagaa hawafuati taa, mzigo unapungua, giza likirudi mzigo unamwagika. Ndo maana niliitaka Ekonometriki ya Pili, mle ndo wanafundisha data za mfululizo wa muda, bila hiyo daftari za mama mdogo nitazifanyia nini, nichore grafu nimalize?

Kamanga_Feri
Daftari za miaka sita!!! Na wewe unauliza uandike au usiandike? Wenzako wanakaa kwenye vimbweta wanatunga dodoso na kujijazia wenyewe. Andika. Ila hiyo Ekonometriki irudi kwa gharama yoyote.

Zamu_Bugando
Sisi wa udaktari mnatuacha mbali na hizi mbio zenu, MD haina madaraja ya fasti klasi wala apa sekondi, unafaulu au unarudia. Nawaonea huruma na nawaonea wivu kwa wakati mmoja. Narudi wodini.

Mwl_Mstaafu_Pasiansi
Mwanangu Binti Igoma, shikamoo nimeipokea hata kama hukuitoa.

Huyo binamu yako hajakudanganya ila hajakueleza vizuri. Neno Honours kila nchi inalitumia kwa namna yake. Kenya wanaliandika kwenye daraja lenyewe, ukipata wastani wa 70 na kuendelea ni First Class Honours, 60 hadi 69 ni Second Class Honours ya juu, hakuna kozi ya pembeni aliyojisajili. Uingereza digrii ya honours kwa kawaida ni krediti 360, na anayeishia 300 hupewa digrii ya kawaida isiyo na honours. Afrika Kusini ndo tofauti kabisa, mtu anamaliza digrii ya miaka mitatu halafu Honours ni mwaka mwingine wa nne unaoombwa peke yake. Hapa kwetu kinachoangaliwa ni daraja: 4.4 hadi 5 la kwanza, 3.5 hadi 4.3 la pili juu, 2.7 hadi 3.4 la pili chini. Kwa hiyo hakuna mlango wa siri uliofichwa wewe. Akirudia tena kwenye harusi mwulize yeye alipata daraja gani, utaona anahamia kwenye pilau.

Na usilie na 4.4 peke yake. Matangazo ya kazi ya tutorial assistant, ngazi ya kwanza ya kufundisha, vyuo vya serikali mara nyingi yanataka 3.8 na kuendelea, hapo umeshapita.

Sasa jambo ninalotaka ulishike. Usikae na krediti 110 ukisubiri HOD abadili moyo. Nimefundisha miaka mingi, nimeona kijana kahudhuria pindi zote, kafanya testi zote, koziweki 31 kati ya 40, kaingia UE, mtihani wa mwisho, kaandika vizuri, matokeo yanatoka jina lake halipo kwa sababu kwenye sistimu hakuwa amejisajili. Alikuwa anasema "lekchara ananijua." Lekchara kweli alikuwa anamjua, mimi ndiye nilikuwa huyo lekchara. Nilimpigania hadi bodi ya kitivo, ikashindikana, akairudia kozi mwaka uliofuata. Mpaka leo nikikutana naye mjini naangalia chini.

Kwa hiyo leo hii jaza optional mbadala ufikishe 120, uchapishe fomu, uigonge muhuri idarani. Halafu pigania Ekonometriki, na ikirudi utabadili ndani ya zile wiki za kubadili kozi. Kama una mkopo ndo usichelewe kabisa, asiyekamilisha usajili hasaini bumu, ile hela ya kujikimu.

Mzee_wa_Sapu
Mwalimu marahaba... yaani shikamoo. Swali dogo, akichukua optional zote, aongeze na ya ziada ili GPA ipande? Mimi nilisikia unaweza kubeba hata krediti 130.

Kamanga_Feri
Ya ziada ya krediti 10, kama chuo kinaihesabu, ukipata A inakuongezea pointi 6 juu ya mstari wa 4.4, ukipata B+ inakula 4. Faida ya kubeti hiyo. Na kuna vyuo haihesabiwi kabisa, unahudhuria kama msikilizaji tu. Asome prospektasi, kitabu cha taratibu za chuo, ile ambayo wote tulipewa mwaka wa kwanza tukaifanyia kifuniko cha ndoo getoni.

Sukuma_Ughaibuni
Nipo Marekani kwa masomo, mzaliwa wa Magu. Nichangie kidogo kuhusu honours maana huku ndo kweli ipo kozi ya kujisajili. Chuo kina programu ya honors unaomba kuingia, ukiingia unapata darasa lako dogo la kozi ile ile ambayo wengine wanasoma watu mia mbili ukumbini, nyie mko kumi na kitu mnakaa duara na profesa anakujua jina. Na kama kozi yako haina darasa la honors unaenda kwa mwalimu mnaandikishana mkataba, kwamba nitafanya kazi hii ya ziada, utafiti au makala ndefu, basi kozi ile ile inahesabiwa honors. Mwisho wa yote unaandika thesis. Na vyuo vingi hao wa honors wanafunguliwa usajili kabla ya wengine, unachagua saa za vipindi unavyotaka, wengine wanagombania makombo.

Sasa niliposoma habari ya steshenari na kaduara kanazunguka tangu saa mbili nilicheka halafu nikakumbuka nyumbani. Ila nilichotaka kusema ni hiki, hilo wazo la mkataba si lazima uwe Marekani. Kama kozi imekosa watu, mwombe lekchara wa Ekonometriki awe supavaiza wako wa disertesheni, hayo ya mfululizo wa muda akufundishe mle mle kwenye daftari za dagaa. Kwenye sistimu itasomeka disertesheni, lakini utakuwa umesoma ulichotaka.

Binti_Igoma
Mwalimu shikamoo ya kweli sasa. Nimesoma hiyo ya koziweki 31 nikatoka mbio. Nimejaza Ekonomia ya Maliasili kama mbadala, 120 imetimia, nimechapisha kopi mbili, moja iko kwenye begi moja nimempa mama mdogo aweke pamoja na daftari zake. Kaka wa Ughaibuni wazo lako nimelipeleka, lekchara kasema yuko tayari kunisimamia ila akasema na yeye analitaka darasa lake, HOD kamwambia tukifika kumi kabla ya Ijumaa saa tisa na nusu anaifungua.

Jiwe_Juu_ya_Jiwe
Mimi ni msomaji tu huwa siandiki humu. Lakini Binti Igoma, wewe si yule anayekaa mstari wa mbele na chupa ya maji ya bluu? Mimi nimo kwenye hao saba 😅 Na mimi nilifutiwa, nikajua ni mimi nimekosea kubonyeza. Nimeongea na wenzangu wawili wa geto Mkolani, walikuwa wanaikimbia kwa sababu ya maneno ya kina Mzee wa Sapu, nimewaonyesha hii hesabu ya Kamanga, wamekubali. Jana usiku wameingia kujisajili, sistimu imewapokea saa nane usiku, nyie mnaoteseka mchana amkeni saa hizo. Kwa hiyo tuko tisa.

Kamanga_Feri
Mzee wa Sapu kwani wewe unasoma nini mwaka huu?

Mzee_wa_Sapu
Msinianze.

Kamanga_Feri
Nimeuliza tu.

Mzee_wa_Sapu
Ekonomia mwaka wa tatu, narudia. Chuo ndo hicho hicho. Nimesema msinianze.

Binti_Igoma
Kaka Mzee wa Sapu kesho saa mbili asubuhi niko steshenari kwa mama, chai na chapati mbili juu yangu. Njoo na kontrol namba yako.